Panya wa karakana hafuati chakula

Swali: Nina karakana nyumbani, chumba cha mita 4 kwa 6 kinachopakana na jiko. Natengeneza samani na kukarabati vifaa vidogo vya umeme. Kwa miezi mitatu sasa panya wananitesa: wametafuna waya wa grinda, wamejenga kiota kwenye droo ya sandipepa, na kila asubuhi meza ya kazi imejaa mavi. Chakula hakiingii humo kabisa. Nimetega kwa gundi nikanasa wawili, nikaweka sumu, sasa kuna harufu ya mzoga nisiyojua inatoka wapi, na panya bado wapo. Nimekosea wapi, na nianzie wapi?

Jibu: Fundi, jambo kubwa kuliko yote umeshalisema mwenyewe: chakula hakuna, na panya wapo. Panya mdogo wa nyumbani ana uzito wa gramu 12 hadi 30, na kwa siku hula kama gramu 3 tu. Hizo hazimpi shida. Atakula mende aliyekufa nyuma ya kabati, nta, gundi ya asili, kipande cha sabuni, na akikosa vyote hivyo jiko liko ng'ambo ya ukuta. Maji ndiyo kabisa, maana anaweza kuishi kwa unyevu ulio ndani ya chakula chenyewe. Ukitaka kumshinda kwa njaa utasubiri sana.

Kilichomleta karakanani ni makazi. Ni chumba kikavu, kimya usiku kucha, chenye maranda, matambara na sponji za kutandikia, na chenye vichochoro vingi nyuma ya mbao zilizoegemezwa ukutani. Kwake hicho ni chumba cha kulala, na kula anakwenda kwingine. Kwa hiyo kazi yako ni kumnyang'anya mlango na kitanda. Mitego ina nafasi yake, nayo ni kuwamaliza waliokwisha kufungiwa ndani. Ukitega bila kuziba, kila unayemuua anaacha chumba wazi kwa mpangaji mwingine.

Sumu na gundi

Tuanze na sumu, maana madhara yake yanaendelea hivi sasa. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda. Panya hafi papo hapo, hufa baada ya siku 3 hadi 7 hivi, na muda wote huo anatembea na kurudi kwake. Ndiyo maana mzoga huuoni: amefia alikokuwa analala, ndani ya ukuta, juu ya dari au nyuma ya kabati zito. Tena panya ni mbebaji. Punje ulizoweka kwenye kona moja unaweza kuzikuta ndani ya mkebe wa skrubu upande wa pili, na mkono utakaochota skrubu hizo ndio utakaoshika chakula mchana.

Vaa glovu, zoa sumu yote iliyobaki, pekua na droo na mikebe, kisha uitupe kama pakiti inavyoelekeza. Ila pakiti yenyewe itunze. Mtoto, mbwa au paka akila sumu, au mnyama akila panya aliyekufa kwa sumu, mpeleke kutibiwa mara moja ukiwa na pakiti mkononi. Zile za kuzuia damu kuganda zina tiba, nayo ni vitamini K1, lakini dalili zake huchelewa siku kadhaa, kwa hiyo usikae kungoja uone damu. Zinki fosfaidi, ule unga wa kijivu unaokaribia weusi, haina dawa mahususi ya kuivunja nguvu. Ikifika tumboni hutoa gesi yenye sumu, na hapo kuchelewa ni hatari zaidi.

Harufu ya mzoga ifuate kwa pua. Funga mlango saa kadhaa wakati wa joto, kisha ingia unuse kuta moja baada ya nyingine, ukiangalia pia nzi wanakusanyika wapi. Usipoupata, basi. Mzoga mdogo namna hiyo hukauka, na harufu hupungua baada ya siku kadhaa hadi wiki chache kutegemea joto na hewa. Usibomoe ukuta kwa ajili ya gramu 20.

Gundi ina kasoro isiyo na dawa karakanani: vumbi la mbao. Msumeno ukipita mara mbili tatu, uso wa gundi umeshageuka sandipepa. Panya aliyenasa mguu mmoja atajivuta aache manyoya, na aliyenasa mzima atakaa hai saa nyingi akihangaika na kujikojolea. Ni mateso kwa mnyama, na uchafu zaidi kwako. Iache.

Jua ni panya gani na anapita wapi

Pima mavi. Yakiwa na milimita 3 hadi 6, yamechongoka ncha, ni panya mdogo, na jibu hili linakufaa. Yakifika sentimita moja na nusu au mbili ni panya mkubwa. Huyo hukishuku kitu chochote kipya, anahitaji mtego mkubwa zaidi, na chambo kikae wiki nzima kwenye mtego usiotegwa kabla hujamtega. Panya mdogo ana udadisi. Kitu kipya anakuja kukinusa usiku uleule, na hilo litakusaidia.

Wingi wa mavi usikutishe. Panya mmoja huacha vidonge 50 na zaidi kwa siku, kwa hiyo meza "iliyojaa" inaweza kuwa kazi ya wawili tu. Mavi mapya ni meusi na laini, ya zamani yamepauka na hupukutika ukiyagusa kwa kijiti.

Njia zao utaziona kwa kutumia vumbi lako mwenyewe. Chekecha vumbi laini la sandipepa, na jioni ulinyunyize kama utepe mwembamba wa upana wa sentimita 20 kandokando ya kuta, chini ya mlango na mbele ya kila tundu unalolishuku. Asubuhi lala chini na tochi, mwanga upite sambamba na sakafu. Utaona nyayo ndogo, za mbele zenye vidole vinne na za nyuma vitano, na pengine mstari wa mkia katikati. Utagundua pia kwamba hawakatishi katikati ya chumba isipobidi. Wanatembea sharubu zikigusa ukuta, na palepale wanapojisugua kila usiku ukuta huwa na doa jeusi la mafuta. Kwa kawaida panya mdogo haendi mbali na kiota, ni mita 3 hadi 10 tu. Nyayo zikiwa nyingi kwenye kona fulani, kiota kiko karibu na hapo.

Ziba

Kipimo chako ni penseli. Pakipita penseli, hesabu kuwa panapita panya mdogo, maana mwanya wa milimita 6 unamtosha. Ingia karakanani mchana, funga mlango, zima taa, subiri macho yazoee giza. Kila unapoona mwanga chini au pembeni, weka alama kwa chaki. Kisha toka nje uzunguke na penseli yako, ukianzia usawa wa ardhi hadi chini ya paa, maana ukuta wenye kukwaruza anaupanda wima.

Tundu la kwanza kuzibwa, leo hii kabla ya mengine yote, ni lolote linalounganisha karakana na jiko. Ukianza kuwasumbua huku, watahamia huko. Kagua bomba la maji linapopita ukutani, waya wa umeme unapopita, na pale dari ya karakana inapokutana na ya nyumba. Mara nyingi ukuta wa katikati huishia kwenye dari, na juu yake ni barabara wazi.

Bomba na waya: chukua stilwaya, ile ya chuma ya kusugulia sufuria, uishindilie kwa bisibisi hadi ijae kina cha sentimita 3 hadi 5, halafu ufunike uso kwa silikoni au saruji. Vyote viwili vinahitajiana. Stilwaya peke yake huvutwa ikatoka, na silikoni peke yake hutafunwa. Penye unyevu, ile ya kawaida huoza kwa kutu na kuacha doa ukutani, kwa hiyo tumia ya chuma kisichoshika kutu au ya shaba. Angalizo: inapitisha umeme. Usiisukumie ndani ya soketi, kisanduku cha swichi au penye waya ulio uchi. Hapo tundu linafungwa kwa kibano cha waya cha plastiki au chuma kinachokaza waya wenyewe, tena umeme ukiwa umezimwa.

Nyufa na matundu ya ukuta: ng'oa plasta iliyolegea, lowesha kwa maji, sukuma ndani kipande cha wavu wa chuma, ndipo ujaze saruji na mchanga kwa kipimo cha 1 kwa 3. Wavu si pambo. Usiku wa kwanza saruji bado ni laini, na panya aliyezoea njia hiyo atachimba. Povu la kuzibia, lile la kupuliza likavimba, ni zuri kwa upepo na baya kwa panya. Wanalitafuna kama mkate, na makombo yake wanayatumia kutandikia.

Matundu ya hewa usiyazibe kabisa, kwa kuwa unatumia tina, kile kiyeyusha rangi, na vanishi na mvuke lazima utoke. Funika kwa wavu wa chuma uliochomelewa, jicho lisizidi milimita 6, ukikazwa kwa skrubu na washa upande wa nje. Wavu wa mbu wa plastiki hauzuii meno. Kama una bomba la kutolea vumbi nje, wavu hapo utaziba kwa maranda ndani ya siku moja na feni itakosa pumzi. Weka kifuniko chepesi cha bati chenye bawaba juu, upepo wa feni ukisukume, na feni ikizimwa kijifunge kwa uzito wake.

Chini ya bati la paa, kila mgongo wa bati unapokaa juu ya ukuta huacha tundu la nusu duara. Watu wengi huziba chini kote wakasahau haya, nayo yanaweza kuwa kumi na tano kwa upande mmoja. Kata wavu vipande, ukunje kama godoro dogo, ushindilie kila shimo na uufunge kwa saruji.

Halafu mlango. Huo ndio nitakaokusumbua nao zaidi, kwa sababu karibu kila mlango wa karakana umechakaa chini. Pima mwanya kwenye pembe mbili za chini, sio katikati. Pembeni ndiko panya anakoanzia, kwa kuwa ubao una ncha. Meno yake hayawezi kuuma uso bapa na laini, yanataka ukingo wa kushikia. Kwa hiyo mpe ukingo wa chuma. Kata bati la upana wa sentimita 15 au zaidi, likunje lifunike ukingo wa chini wa mlango na kupanda pande zote mbili, ulikaze kwa skrubu kila sentimita 10. Mwanya unaobaki kati yake na sakafu usizidi milimita 5. Sakafu ikiwa na mabonde, usihangaike kushusha mlango, jenga kizingiti kidogo cha saruji ukinyooshe kwa rula ndefu. Mpira wa chini ya mlango unafaa kuongezea, si kutegemea. Kagua pia miimo: fremu ikiwa imeachana na ukuta, nyuma yake kuna ngazi ya kupandia darini.

Kazi yote hii ya kuziba inachukua siku mbili, na ndiyo inayobeba matokeo. Na usiache mlango wazi jioni ukipoza chumba, vinginevyo saruji yote uliyoshindilia ni bure.

Tega, tena mingi

Tumia mtego wa kubana, wa mbao au plastiki, wenye kikanyagio kipana. Kwa chumba chako nunua 12. Mitego 12 kwa usiku mmoja ina kazi kubwa kuliko mtego mmoja kwa usiku 12. Mingi ikitegwa pamoja inawapata panya kabla hawajajifunza, ilhali mmoja unaua mmoja na kuwafundisha wengine.

Wakati unaziba matundu, siku hizo mbili, weka mitego yote mahali pake ikiwa na chambo lakini haijategwa. Wakile bure wapazoee. Usiku wa tatu, tega yote kwa pamoja. Usianze kufanya usafi mkubwa kabla ya hapo. Ukihamisha mbao na makabati unafuta njia ulizozichunguza, na panya watatafuta nyingine usizozijua.

Mtego unakaa kwa pembe mraba na ukuta, upande wa kikanyagio ukigusa ukuta, ili yeyote anayepita toka kulia au kushoto akikanyage. Ukiulaza sambamba na ukuta, anayetokea nyuma anaurukia au anaufyatua bila kunaswa. Weka miwili miwili kwa umbali wa sentimita chache, na jozi moja kila mita 2 au 3 kwenye njia zenye nyayo, nyuma ya vitu, pembeni ya meza, kwenye kona zenye giza. Ukikuta mavi juu ya rafu au boriti, tega na huko, ila ufunge mtego kwa waya mwembamba usije ukaangushwa pamoja na aliyenasa.

Chambo: siagi ya karanga, kiasi kisichozidi punje ya dengu, ikandamizwe ndani ya kitundu cha kikanyagio. Karakanani kuna chambo kingine kizuri ambacho wengi hawakifikirii, nacho ni matandiko. Funga uzi wa pamba au kipande cha sufi kwenye kikanyagio, kikazwe barabara. Jike anayetayarisha kiota atauvuta, na kuvuta ndiko kunakofyatua. Changanya: mitego sita ya karanga, sita ya uzi. Hiyo ya uzi haipotezi ladha kwa vumbi wala haivutii sisimizi.

Chambo kikiliwa na mtego haujafyatuka, sababu ni chache na zote zinarekebishika. Pengine umeweka kingi, akalamba pembeni bila kukanyaga. Au kishikizo kimeingia ndani mno: kisogeze hadi kishike kwa ncha tu. Au mtego unatikisika kwa sababu sakafu si sawa, basi weka kipande cha ubao chini yake. Na kwako wewe, sababu ya kwanza kuiangalia ni vumbi la mbao lililojaa chini ya kikanyagio kikashindwa kushuka. Lipulize kila jioni kabla ya kutega.

Kwa hiyo ya mwisho kuna suluhisho la kudumu, na mabaki ya plaiwudi unayo. Tengeneza kisanduku cha ndani ya sentimita 30 kwa urefu, 8 kwa upana na 10 kwa kimo. Kila mwisho toboa tundu la sentimita 3 usawa wa sakafu. Ndani weka mitego miwili migongo ikielekeana, kikanyagio cha kila mmoja kikitazama mlango wake. Kifuniko kikae kwa skrubu mbili. Kimo hicho kinaupa mkono wa mtego nafasi ya kuzunguka, ukikipunguza utagonga kifuniko na kumwacha panya na maumivu tu. Kilaze kisanduku kandokando ya ukuta. Panya anapenda kichochoro chenye giza, vumbi haliingii sana, na vidole vya watoto na pua ya paka vinabaki salama.

Kagua kila asubuhi. Walio wengi hunaswa katika usiku 2 au 3 wa mwanzo. Mtego uliokaa usiku tatu bila kitu uhamishe, hata kwa nusu mita. Mizoga ishike kwa glovu, mfuko ukiwa umegeuzwa nje ndani, na ufunge mfuko wa pili juu yake.

Usafi, na hapa ndipo watu wanapoumia

Panya wasiponaswa tena kwa usiku kadhaa, fumua karakana yote. Lakini usifagie wala usitumie kivuta vumbi kwenye mavi na viota vikavu, na kompresa usiiguse. Mavi na mkojo mkavu wa panya ukipeperushwa unaingia mapafuni, na magonjwa kadhaa hupita kwa njia hiyo. Mjamzito asishiriki kabisa.

Fungua milango na madirisha dakika 30 na ukae nje. Vaa glovu za mpira na barakoa inayochuja chembe, sio ya kitambaa. Changanya dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, yaani mililita 100 kwa 900, na itumie siku hiyohiyo. Nyunyiza taratibu hadi mavi na kiota vilowe chapachapa, subiri dakika 5, futa kwa karatasi au tambara la kutupa, kisha pitisha tena dawa sakafuni. Usiichanganye kamwe na amonia wala asidi, hutoa gesi ya kuua. Na isikae kwenye patasi, tupa au meza ya msumeno, kwa sababu inakula chuma. Vyuma vioshe kwa maji ya sabuni, ukaushe, upake mafuta mepesi. Mkojo wa panya nao huleta kutu, kwa hiyo droo iliyokojolewa usiifute mbao tu ukaacha misumeno ya mkono ilale humo.

Ukishasafisha, ondoa vitanda. Mfuko wa maranda ndio godoro kubwa kuliko yote, hivyo utolewe nje usilale. Sandipepa, matambara, sponji na vitambaa vya viti viingie kwenye mapipa au mikebe yenye mifuniko ya kubana. Matambara yenye mafuta ya kitani yana mkebe wake wa chuma wenye maji na mfuniko, maana hayo hupata moto yenyewe hata bila panya. Makabati mengi yako wazi nyuma, na panya wa droo ya sandipepa hakufungua droo, alipitia huko. Pigilia plaiwudi nyembamba. Mbao zipandishe sentimita 30 kutoka sakafuni na ziachane na ukuta kiasi cha kupitisha tochi. Nje, acha ukanda wa kama nusu mita usio na majani wala takataka kuzunguka kuta.

Grinda na mashine nyingine

Waya uliotafunwa usiuzungushie tepu. Alama unayoiona ni moja, na sentimita kumi mbele kuna nyingine iliyofika kwenye shaba. Badilisha waya wote. Chomoa kila kifaa, pitisha waya polepole kati ya vidole ukiukunja kidogo ili mkato ufunguke uuone. Kisha chungulia matundu ya hewa ya kila mota kwa tochi. Ukiona nyuzi, karatasi au manyoya, usiwashe "kujaribu". Matandiko huzuia hewa na mota huungua, au yenyewe hushika moto. Fungua kifuniko nje ya chumba, barakoa usoni, toa kiota kwa koleo. Humo ndani usinyunyize klorini, futa kwa tambara lililolowa sabuni likakamuliwa, uache pakauke kabisa kabla ya kufunga. Jenereta au mashine yoyote yenye injini, fungua pia kisanduku cha chujio la hewa. Nyaya za ndani ya ukuta na kisanduku kikuu cha umeme mwachie fundi umeme mwenye vipimo.

Yasiyofaa kununua

Vifaa vya kutoa sauti ambayo binadamu haisikii havipenyi kabati wala rundo la mbao, na panya huizoea. Mafuta ya mnanaa na nafthalini: kama tina na vanishi ya kila siku haijawafukuza, mnanaa hautaweza, na nafthalini itakudhuru wewe unayeshinda humo. Paka anasaidia kupunguza, ila haingii nyuma ya plaiwudi, na ndiye atakayekula panya mwenye sumu.

Lini useme wamekwisha

Jike hubeba mimba kwa takriban wiki 3, huzaa watano hadi wanane, na watoto huanza kujitegemea wakiwa na wiki 3 hivi. Kwa hiyo usiku tano za kimya hazitoshi, kwani unaweza kuwa umemnasa mama na kuwaacha watoto waliokaribia kutoka. Acha mitego sita ikiwa imetegwa kwa wiki 3 kamili baada ya wa mwisho kunaswa, na unyunyize vumbi lako la kuchunguzia mara moja kwa wiki. Visipoonekana vyote viwili, nyayo wala mavi mapya, punguza ubakize visanduku viwili: kimoja nyuma ya mlango, kingine kwenye ukuta wa jiko, chambo kikibadilishwa kila baada ya wiki mbili. Siku kimojawapo kitakaponasa, usikimbilie kuongeza mitego. Chukua penseli, uzunguke kuta upya.